Sampuli si Kijusi: Historia ya Umozaiki wa Kromosomu katika Uchunguzi wa Mimba, 1959–2022

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya umozaiki wa kromosomu katika uchunguzi wa jenetiki unaofanywa kabla ya mtoto kuzaliwa. Umozaiki ni hali ya kiumbe kimoja, kilichotokana na yai moja lililorutubishwa, kuwa na seli za aina mbili au zaidi zinazotofautiana kwa kromosomu. Hoja kuu ni kwamba kila mbinu mpya ya uchunguzi iliyoanza kutumika tangu 1966 ilichukua sampuli yake mahali tofauti, na kila mara umozaiki ulidhihirisha upya pengo lililopo kati ya sampuli na kijusi chenyewe. Makala yanaonyesha jinsi maarifa kuhusu pengo hilo yalivyopatikana, jinsi yalivyosahauliwa mbinu ilipobadilika, na maana ya historia hiyo kwa nchi za Afrika Mashariki zinazotafakari sera za uchunguzi wa mimba.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2022, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu vipimo vya jenetiki vinavyofanywa kwa kutumia damu ya mjamzito. Ilieleza kwamba vipimo hivyo ni vya kuchuja tu, kwamba huweza kutoa majibu yasiyo sahihi, na kwamba zipo taarifa za wajawazito walioamua kusitisha mimba kwa kutegemea majibu hayo peke yake, bila kipimo cha kuthibitisha. Sababu za majibu potofu ni kadhaa. Mojawapo iliyo kubwa, hasa kwa kasoro za idadi ya kromosomu, ilikuwa imekwisha kuelezwa katika jarida la Science mwaka 1983, yaani takriban miaka arobaini kabla ya tahadhari hiyo. Sababu hiyo ni umozaiki unaokaa ndani ya kondo la nyuma bila kumgusa mtoto.

Swali linalojitokeza ni la kihistoria. Inawezekanaje jambo lililofahamika mapema kiasi hicho liendelee kuwashangaza madaktari na wazazi miongo minne baadaye? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba historia ya taaluma hii imekuwa ikisimuliwa kama historia ya vifaa: sindano, darubini, na mashine za kusoma DNA. Ikisimuliwa hivyo, kila kifaa kipya huonekana kukifuta cha zamani pamoja na matatizo yake. Historia ya sampuli inatoa picha nyingine. Inauliza seli zilizopimwa zilitoka wapi, zilikuwa ngapi, na zilitengana lini na seli zilizomjenga mtoto. Maswali hayo matatu hayakubadilika tangu mwanzo, na ndiyo yanayoongoza mjadala huu.

2.0 Dhana na Istilahi

Mozaiki ni sanaa ya kupamba ukuta au sakafu kwa vipande vidogo vya mawe au vigae vya rangi mbalimbali. Wanajenetiki waliazima jina hilo kueleza mwili ambao seli zake hazifanani zote. Katika Kiswahili, neno umozaiki linafaa kuliko uchotara au mchanganyiko. Chotara ni mtoto wa wazazi wa asili mbili, na kila seli yake imebeba urithi uleule. Mchanganyiko nao hudokeza vitu viwili vilivyokutana kutoka nje. Umozaiki hutokea ndani: yai moja limerutubishwa, seli zimeanza kugawanyika, kisha mgawanyiko mmoja ukaenda kombo na kuzaa ukoo wa seli zenye kromosomu pungufu au za ziada. Njia ya pili ni kinyume chake. Yai huanza likiwa na kromosomu ya ziada, kisha baadhi ya seli zikaipoteza na kurejea katika idadi ya kawaida.

Wakati wa kosa ndio unaoamua matokeo. Siku chache baada ya kutungwa mimba, kiinitete huwa blastosisti, tufe dogo lenye tabaka la nje na kifurushi cha seli ndani yake. Tabaka la nje huelekea kuunda kondo. Kifurushi cha ndani ndicho chenye seli chache zitakazomjenga mtoto, pamoja na sehemu ya tishu za utando na za kiini cha kondo. Kosa likitokea kabla ya mgawanyo huo, linaweza kuenea pande zote mbili. Likitokea baada yake, linaweza kubaki upande mmoja tu. Hivyo mtoto na kondo lake, ingawa wametoka katika yai moja, si lazima wawe na kromosomu zinazolingana.

3.0 Kutoka kwa Nzi hadi kwa Binadamu

Wazo la mwili wenye seli za aina mbili lilitangulia kufahamika kwa wadudu. Mwaka 1919 Thomas Hunt Morgan na Calvin Bridges walichapisha uchunguzi wao kuhusu nzi wa matunda waliokuwa na sehemu za kiume na za kike katika mwili mmoja. Walieleza kwamba wengi wa nzi hao walianza kama majike, kisha seli mojawapo ikapoteza kromosomu ya X mapema katika ukuaji, na uzao wa seli hiyo ukawa sehemu ya kiume.

Kwa binadamu maelezo kama hayo yalichelewa kwa sababu hata idadi ya kromosomu haikujulikana kwa usahihi. Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vilifundisha kuwa ni 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund, Uswidi, walionyesha kuwa ni 46. Miaka mitatu baadaye mambo yalienda kasi. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza huko Paris kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu ya 21 ya ziada. Mwaka huohuo Patricia Jacobs na John Strong walieleza mpangilio wa XXY kwa mgonjwa wa hali ya Klinefelter, naye Charles Ford na wenzake wakaeleza upungufu wa X katika hali ya Turner. Ni Ford na wenzake pia waliochapisha, mwaka uleule, taarifa ya mtu aliyeonekana kuwa na seli za XXY pamoja na seli za XX. Kwa hiyo umozaiki wa binadamu ulizaliwa pamoja na sayansi ya kromosomu za binadamu. Haukuja kuongezwa baadaye.

Maana yake kwa maisha ya mtu ilionekana mwaka 1961. C. M. Clarke, J. H. Edwards na V. Smallpeice walieleza katika jarida la Lancet habari za mtoto mwenye akili nzuri aliyekuwa na baadhi tu ya dalili za hali ya Down. Baadhi ya seli zake zilikuwa na kromosomu tatu za 21 na nyingine zilikuwa za kawaida. Taarifa hiyo fupi iliweka wazi jambo ambalo lingekuwa kiini cha ugumu wote uliofuata: jina la kasoro ya kromosomu halitoshi kutabiri hali ya mtoto, kwa sababu uwiano wa seli na mahali zilipo navyo vina neno.

Wakati huohuo maabara zilikuwa zikizoea tishu moja. Mwaka 1960 Paul Moorhead na wenzake walieleza njia rahisi ya kuotesha chembechembe nyeupe za damu, na tangu hapo damu ikawa sampuli ya kawaida. Mazoea hayo yalikuwa na mipaka yake. Hali ya Pallister-Killian, iliyoanza kuelezwa mwaka 1977, husababishwa na kromosomu ndogo ya ziada itokanayo na mkono mfupi wa kromosomu ya 12. Kromosomu hiyo hupatikana katika seli za ngozi, lakini mara nyingi haionekani katika damu iliyooteshwa. Mgonjwa aliyepimwa damu tu aliweza kuambiwa kuwa kromosomu zake hazina kasoro. Tishu moja ya mtu yuleyule ilikana kile ambacho nyingine ilikiri.

4.0 Maji ya Uzazi na Tatizo la Kuhesabu

Maji yanayomzunguka mtoto tumboni, yaani kiowevu cha amnioni, yana seli zilizobanduka kutoka katika ngozi, njia ya mkojo na utando wa mimba. Katikati ya miaka ya 1950 watafiti wa nchi kadhaa, wakiwemo Fritz Fuchs na Povl Riis wa Copenhagen, walizitumia seli hizo kutambua jinsia ya kijusi. Mwaka 1966 Mark Steele na Roy Breg walionyesha kuwa seli hizo zinaweza kuoteshwa na kromosomu zake kuchunguzwa. Mwaka 1968 Carlo Valenti na wenzake huko Brooklyn walichapisha utambuzi wa hali ya Down kabla ya kuzaliwa. Kuanzia hapo uchunguzi wa maji ya uzazi ukaenea Ulaya na Amerika Kaskazini, hasa kwa wajawazito wenye umri mkubwa.

Tatizo lilijitokeza katika vyombo vya kuoteshea. Fundi wa maabara angehesabu seli 20, akakuta 19 zina kromosomu 46 na moja ina 47. Je, seli hiyo moja ilikuwa ya mtoto, au ilikosea kugawanyika ndani ya chombo? Darubini haikuwa na jibu. Jibu lilitafutwa katika hesabu. Mwaka 1977 Ernest Hook alichapisha majedwali yaliyoonyesha idadi ya seli zinazopaswa kuhesabiwa ili umozaiki wa kiwango fulani uweze kutengwa. Mantiki yake ni nyepesi. Ikiwa asilimia 10 ya seli zina kasoro, uwezekano wa kuchukua seli 29 bila kukutana na hata moja yenye kasoro ni chini ya asilimia 5. Seli 20 zinatosha kutenga umozaiki wa asilimia 14 au zaidi kwa uhakika uleule. Umozaiki wa chini ya hapo unaweza kupita bila kuonekana. Kwa maneno mengine, ripoti iliyosema kwamba kromosomu ni za kawaida ilikuwa na mpaka ulioandikwa katika hesabu, ingawa kwa nadra uliandikwa katika karatasi aliyopewa mama.

Hesabu hiyo ilihusu seli zilizokosekana. Kuhusu seli zilizoonekana, maabara zililazimika kuunganisha uzoefu wao. Mwaka 1984 zilichapishwa tathmini kubwa za Marekani, Kanada na Ulaya, ile ya Marekani ikiongozwa na Lillian Hsu. Kutokana na kazi hizo uliimarika utaratibu wa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni seli moja tu yenye kasoro. Ngazi ya pili ni seli kadhaa zenye kasoro ileile, lakini zote katika chombo kimoja. Ngazi ya tatu ni kasoro ileile kuonekana katika vyombo viwili au zaidi vilivyooteshwa mbalimbali. Ngazi mbili za kwanza kwa kawaida huchukuliwa kuwa umozaiki wa uongo, uliozaliwa maabara. Ya tatu ndiyo huitwa umozaiki wa kweli, nayo hupatikana katika takriban mimba 2 au 3 kati ya 1,000 zinazochunguzwa kwa njia hii.

Hata umozaiki wa kweli haukuwa na maana moja. Mfano unaojulikana ni wa kromosomu ya 20. Seli zenye kromosomu tatu za 20 zilionekana mara kwa mara katika maji ya uzazi, lakini takriban watoto tisa kati ya kumi walizaliwa bila kasoro dhahiri, na seli hizo mara nyingi hazikupatikana katika damu yao. Ujuzi huo ulipatikana kwa njia moja tu, nayo ni kuwafuatilia watoto baada ya kuzaliwa na kuandika habari zao. Pale ambapo mimba ilisitishwa na tishu hazikuchunguzwa, hakuna aliyejifunza lolote, na familia iliyofuata ilikabili swali lilelile bila msaada.

5.0 Kondo Laanza Kusema Lake

Uchunguzi wa maji ya uzazi ulifanyika kuanzia wiki ya 15 au 16, na kuotesha seli kulichukua wiki mbili au zaidi. Mama alipata jibu mimba ikiwa imekwisha kuonekana na mtoto ameanza kucheza tumboni. Hamu ya kupata jibu mapema iliwaelekeza watafiti kwenye korioni, yaani vikono vidogo vya kondo changa. Mwaka 1975 madaktari wa Anshan, China, walichapisha matumizi ya tishu hiyo kutambua jinsia. Mwaka 1983 Bruno Brambati na Giuseppe Simoni, wa Milano, walitangaza utambuzi wa trisomia ya 21 katika miezi mitatu ya kwanza. Simoni na wenzake walikuwa pia wamebuni njia ya kuchunguza seli zinazogawanyika moja kwa moja, bila kuziotesha kwa muda mrefu. Jibu liliweza kupatikana kwa siku moja au mbili.

Mbinu hiyo ilikuwa na dhana iliyojificha ndani yake: kwamba kondo ni nakala ya mtoto. Mwaka uleule wa 1983, Dagmar Kalousek, mwanapatholojia wa Vancouver, Kanada, pamoja na Frederick Dill, waliivunja dhana hiyo. Waliripoti mimba ambazo kondo lilikuwa na seli zenye kasoro ilhali mtoto alikuwa na kromosomu za kawaida. Hali hiyo ikaitwa umozaiki wa kondo pekee. Kadiri uchunguzi wa korioni ulivyoenea, ilidhihirika kuwa umozaiki huonekana katika takriban asilimia 1 hadi 2 ya sampuli hizo, mara kadhaa zaidi ya katika maji ya uzazi, na kwamba katika nyingi ya mimba hizo mtoto haguswi.

Iligunduliwa vilevile kuwa kondo lenyewe si kitu kimoja. Seli zilizochunguzwa moja kwa moja ni za tabaka la nje, trofoblasti, zilizoachana mapema kabisa na seli za mtoto. Seli zinazooteshwa kwa muda mrefu hutoka katika kiini cha vikono vya korioni, nazo zina undugu wa karibu zaidi na mtoto. Kwa hiyo njia iliyotoa jibu la haraka ndiyo iliyoweka umbali mkubwa zaidi kati ya sampuli na kijusi. Maabara nyingi zikaamua kutumia njia zote mbili, na kuelekeza mama apimwe maji ya uzazi pale umozaiki ulipoonekana.

Kazi ya Kalousek haikuishia katika kuondoa hofu za bure. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kuwa baadhi ya vijusi vyenye trisomia ya 13 au ya 18 vilivyofika wakati wa kuzaliwa vilikuwa na kondo lenye sehemu ya seli za kawaida, jambo lililosaidia kueleza kwa nini havikuharibika mapema kama vingi vya aina hiyo. Kwa upande mwingine, kondo lenye trisomia ya 16 lilihusishwa na ukuaji duni wa mtoto na shinikizo la damu la ujauzito, hata pale kromosomu za mtoto zilipokuwa sawa. Umozaiki wa kondo ulikuwa, basi, habari ya kitabibu inayojitegemea.

Mwaka 1992 lilijitokeza jambo la tatu. Ripoti mbili, moja ya timu ya Purvis-Smith na nyingine ya Suzanne Cassidy na wenzake, zilieleza mimba ambazo korioni ilionyesha trisomia ya 15, kisha mtoto akazaliwa na kromosomu 46 lakini akiwa na hali ya Prader-Willi. Maelezo yake ni kwamba kiinitete kilianza na kromosomu tatu za 15, mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, kisha kikapoteza ile ya baba. Idadi ikawa sahihi, lakini kromosomu zote mbili zilizobaki zikawa za mzazi mmoja. Kwa kuwa baadhi ya jeni za kromosomu hiyo hufanya kazi zikitoka kwa baba tu, mtoto alikosa kazi ya jeni hizo. Ikiwa kromosomu inayopotea ni yoyote kati ya tatu, hatari hiyo ni moja katika tatu. Tangu hapo ikawa si halali kumwambia mama kwamba mambo ni salama kwa kuwa tu maji ya uzazi yameonyesha kromosomu 46, ikiwa korioni ilikuwa imeonyesha trisomia ya kromosomu za aina hii.

6.0 Damu ya Mama

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walitangaza kuwa plazima ya damu ya mjamzito ina vipande vya DNA vitokavyo katika mimba. Mwaka 2008 makundi mawili, moja la Hong Kong na moja la Stanford, yalionyesha kuwa vipande hivyo vinaweza kusomwa kwa wingi na kuhesabiwa ili kutambua kromosomu iliyozidi. Mwaka 2011 kipimo kikaingia sokoni. Hakikuhitaji sindano tumboni, hivyo hakikuwa na hatari ya kuharibu mimba, na usahihi wake kwa trisomia ya 21 ulizidi vipimo vyote vya kuchuja vilivyotangulia.

Hata hivyo, vipande vinavyoitwa vya kijusi hutoka hasa katika trofoblasti, tabaka lilelile ambalo miaka ya 1980 lilikuwa limethibitika kuwa mbali zaidi na mtoto. Kipimo kipya kilikuwa, kwa lugha ya historia, uchunguzi wa kondo uliopitia mshipa wa mkono. Tena kilichanganya DNA hiyo na ya mama, ambayo ndiyo nyingi zaidi; kwa kawaida ya mimba ni kama asilimia 10. Iwapo mama mwenyewe ana umozaiki, kwa mfano wa kromosomu ya X, jibu linaweza kumhusu yeye badala ya mtoto.

Uzito wa jambo hili huonekana katika hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, hali fulani hupatikana katika mimba 1 kati ya 1,000, kipimo hutambua 99 kati ya kila mimba 100 zenye hali hiyo, na hukosea kwa mimba 1 tu kati ya 1,000 zisizo nayo. Katika mimba 100,000, zenye hali hiyo ni 100, na 99 zitatambuliwa. Mimba 99,900 zilizobaki zitatoa majibu ya uongo 100 hivi. Basi, kwa kipimo kinachotangazwa kuwa na usahihi wa asilimia 99, nusu ya wanawake walioambiwa kuwa jibu ni chanya wamebeba watoto wasio na hali hiyo. Hali ikiwa adimu zaidi, sehemu ya majibu ya uongo huongezeka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua. Mwaka 2015 Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani kilielekeza kuwa uamuzi kuhusu mimba, ukiwemo wa kuisitisha, usitegemee kipimo hiki peke yake. Tahadhari ya 2022 iliyotajwa mwanzoni inaonyesha kuwa maelekezo kwa madaktari hayakutosha. Maarifa yalikuwepo; hayakusafiri pamoja na karatasi ya majibu.

7.0 Kiinitete Kabla ya Mimba

Historia hiyohiyo ilijirudia katika urutubishaji wa maabara. Kabla ya kiinitete kuwekwa tumboni, seli chache, kwa kawaida kati ya tano na kumi, huchukuliwa kutoka tabaka lake la nje na kupimwa kromosomu. Mbinu za kusoma DNA zilipoimarika katika muongo wa 2010, ilionekana kuwa viinitete vingi vina dalili za umozaiki. Kwa desturi ya wakati huo, vingi vya aina hiyo havikupandikizwa.

Mwaka 2015 Ermanno Greco na wenzake, wa Italia, waliripoti katika New England Journal of Medicine kuwa walipandikiza viinitete 18 vyenye umozaiki kwa wanawake waliokosa vingine, na watoto sita wazima wakazaliwa. Mwaka uliofuata, timu ya Magdalena Zernicka-Goetz ilionyesha kwa panya kwamba seli zenye kasoro zinaweza kuondolewa ndani ya kifurushi kinachomjenga mtoto, huku zikivumiliwa zaidi katika tabaka la kondo. Mwaka 2021 Antonio Capalbo na wenzake walichapisha jaribio ambalo viinitete vyenye umozaiki wa kiwango cha chini au cha kati vilipandikizwa bila kubaguliwa. Uwezekano wa kuzaliwa mtoto haukutofautiana na ule wa viinitete vya kawaida. Kwa mara nyingine, sampuli ilikuwa imehukumu kitu ambacho haikukiwakilisha kikamilifu, na idadi ya viinitete vilivyotupwa kabla ya kujua hilo haiwezi kurudishwa.

8.0 Maana kwa Sera za Afrika Mashariki

Funzo la kwanza linahusu mpangilio wa huduma. Mirija ya damu inaweza kusafirishwa hadi maabara ya nchi ya mbali. Uchunguzi wa maji ya uzazi hauwezi: unahitaji mtaalamu, mashine ya ultrasaundi, na maabara iliyo karibu kiasi cha kupokea seli zikiwa hai. Kwa hiyo ni rahisi kwa nchi kuwa na uchujaji bila kuwa na uthibitisho. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mpangilio huo ndio wa hatari kuliko yote, kwa kuwa unazalisha majibu chanya ambayo hayawezi kuhakikiwa. Sera inayoruhusu kipimo cha kuchuja inapaswa kutaja, katika waraka uleule, mahali ambapo kitathibitishwa na nani atalipia.

Funzo la pili linahusu sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26(4), hairuhusu kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya tiba ya dharura, au maisha au afya ya mama yako hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Sheria ya makosa na adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018 ilitaja pia hatari kwa afya ya kijusi. Karatasi ileile ya majibu ina uzito tofauti pande mbili za mpaka. Pale ambapo hali ya kijusi inaweza kuwa msingi wa uamuzi, swali la iwapo kilichopimwa ni kijusi au kondo huacha kuwa la maabara pekee na kuwa la ushahidi.

Funzo la tatu linahusu kumbukumbu. Kila hatua ya maarifa iliyoelezwa, kuanzia trisomia ya 20 hadi viinitete vya 2015, ilitokana na kufuatilia matokeo. Kuchunguza kondo baada ya kujifungua na kutunza daftari la mimba zilizopata majibu ya umozaiki ni kazi isiyohitaji mashine mpya pale ambapo maabara ya kromosomu tayari ipo. Bila daftari hilo, kanda itaendelea kutegemea takwimu za watu wengine.

Funzo la nne linahusu lugha. Majibu huandikwa kwa maneno mawili, chanya na hasi, nayo hayana nafasi ya umozaiki. Ushauri nasaha kwa Kiswahili unahitaji kutofautisha kuchuja na kuthibitisha, kondo na kijusi, umozaiki wa kweli na ule wa maabara. Istilahi hizo zikikubaliwa na kusanifiwa, mkunga wa Kigoma na mshauri wa Bujumbura wataweza kumweleza mama jambo lilelile kwa namna ileile.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa historia ya uchunguzi wa mimba ni historia ya sampuli zilizobadilika: kutoka maji ya uzazi, hadi korioni, hadi damu ya mama, hadi tabaka la nje la kiinitete. Kila hatua ilileta faida ya kweli, iwe ni kuwahi, usalama au wepesi. Kila hatua pia ilidai tena kujibiwa maswali matatu: seli zilitoka wapi, zilikuwa ngapi, na zilitengana lini na mtoto. Maabara zilizoyauliza zilipunguza makosa. Zilizoyaruka ziliyahamishia makosa hayo kwa familia. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba ripoti yoyote ya jenetiki ya mimba itakayotolewa katika nchi za kanda hii ieleze tishu iliyopimwa, mipaka ya kipimo, na hatua ya uthibitisho inayofuata, kwa lugha ambayo mama aliyetoa sampuli anaielewa.